Kuchagua Garand

Bunduki za M1 Garand zinazouzwa Camp Perry, ufukweni mwa Ziwa Erie katika jimbo la Ohio, husimama kwa safu, vitako chini na midomo juu, kila moja na kikaratasi chake. Ukiziangalia kwa mbali zote ni moja: chuma cha kijivu kinachoelekea kijani, mbao ya hudhurungi, urefu wa mita moja na sentimita kumi, uzito wa kilo nne na robo. Zote zimetumika. Nyingine zimevuka bahari mara mbili: Marekani ilizigawa kwa nchi rafiki kama Ugiriki, Denmark, Uturuki na Ufilipino, zikakaa huko miongo kadhaa, kisha zikarudishwa. Anayeziuza ni shirika la Civilian Marksmanship Program, lililoundwa kwa sheria ya 1996 ili kukuza ulengaji shabaha miongoni mwa raia. Mnunuzi sharti awe raia wa Marekani, mtu mzima, mwanachama wa klabu inayotambuliwa, kwa kawaida aonyeshe kwamba ameshiriki mchezo huo kweli, na jina lake lipite kwenye uchunguzi wa rekodi za jinai.

Anayeagiza kwa barua huchaguliwa bunduki. Anayekuja mwenyewe huchagua. Niliyefuatana naye alikuja mwenyewe. Alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya kuchonga vipuri vya mashine, mtu ambaye maisha yake yote alipima vitu kwa sehemu ya elfu ya inchi. Alikuwa na miwani ya kusomea, tochi nyembamba, kitambaa cha pamba, na kifuko cha ngozi chenye geji. Hakugusa bunduki yoyote mpaka alipomaliza kusoma vikaratasi vya safu nzima, kimoja kimoja, akirudi nyuma mara kwa mara kuhakikisha.

Ili kuelewa alichokuwa anakitafuta, yafaa kujua alichokitengeneza John Garand. Alizaliwa 1888 Saint-Rémi, kijiji cha Quebec, akafanya kazi utotoni katika kiwanda cha nguo, akajifunza ufundi wa mashine na kutengeneza zana. Mwaka 1919 aliingia Springfield Armory, karakana ya silaha ya serikali huko Massachusetts, na swali alilopewa lilikuwa moja: bunduki ya askari wa miguu inayojipakia yenyewe. Jibu lilichukua miaka kumi na saba. Alikuwa amekwisha kufika mbali na bunduki ya risasi ndogo ya inchi 0.276, yenye kubeba risasi kumi, pale 1932 Jenerali Douglas MacArthur alipoamua kwamba jeshi litabaki na risasi ya inchi 0.30 iliyokuwa imejaa maghalani. Garand akarudi mezani. Risasi zikawa nane, vyuma vikanenepa, na 1936 bunduki ikapokewa rasmi. Aliiachia serikali haki zote za uvumbuzi wake. Bungeni ulipelekwa muswada wa kumpa dola 100,000 za shukrani, haukupita.

Babu zetu wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliopelekwa Burma walikwenda na Lee-Enfield. Ni bunduki nzuri, lakini baada ya kila risasi mkono wa kulia sharti uache triga, uinue bolti, uivute nyuma, uisukume mbele, uishushe, ndipo urudi kwenye triga. Garand iliifanya kazi hiyo kwa hewa ya moto. Karibu na mdomo wa mtutu, upande wa chini, kuna tundu dogo. Risasi ikishalipita, sehemu ndogo ya hewa ya baruti hushuka tunduni na kuipiga pistoni. Pistoni ni ncha ya fimbo ndefu, na fimbo hiyo ikirudi nyuma huizungusha bolti, huifungua, hulitoa ganda, huirudisha nyundo, kisha springi huisukuma mbele na risasi mpya ndani. Mlengaji huona mtikisiko mmoja tu. Ni chombo kilichoundwa kuua watu, na mtu asijidanganye kuhusu hilo. Lakini akili iliyomo ndani yake haifichiki kwa sababu hiyo.

Mzee alianza na kisigino cha kiwiliwili (chuma kikuu kinachobeba bolti na kushika mtutu), ile sehemu iliyo nyuma ya kilengeo, ambapo jina la kiwanda na namba vimegongwa. Nyingi zimeandikwa Springfield Armory. Nyingine zimeandikwa Winchester, iliyotengeneza zaidi ya laki tano wakati wa vita. Zipo za International Harvester na Harrington & Richardson, za miaka ya 1950, baada ya Vita vya Korea kuonyesha kwamba maghala yamepungua. Mzee alitaja namba kwa sauti ya chini, kisha mwaka. Springfield yenye namba ya milioni tatu na kitu, kwa mfano, ni ya kuanzia katikati ya 1944 hadi mwisho wa vita.

Hatua ya pili iliufumbua uwongo wa ile ya kwanza. Aliivuta fimbo nyuma mpaka ikakwama wazi, akachungulia chemba, akaingiza kidole kuhakikisha hamna risasi, ndipo akamulika ubavu wa kulia wa mtutu. Hapo pamegongwa herufi, mwezi na mwaka. Kiwiliwili cha 1944 kilikuwa na mtutu wa 1951. Kingine kilikuwa na mtutu wenye herufi VAR, maana yake ulitengenezwa Denmark. Hakushangaa. Jeshi halikuwa na desturi ya kuziweka sehemu za bunduki moja pamoja. Karakana kama Red River ya Texas au Raritan ya New Jersey zilizifungua bunduki kwa maelfu, zikatupa kila kipuri pipani mwake, zikapima, zikaunganisha upya kwa chochote kilichofaa. Bunduki iliyobaki na vipuri ilivyozaliwa navyo ni nadra mno, na wengi wanaotangaza kuwa nayo wamevikusanya vipuri hivyo kimoja kimoja kutoka kwa wauzaji.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wapya hupotea. Wanatafuta namba za michoro zinazolingana: D28287 kwenye bolti, D35382 kwenye fimbo, na tarakimu za mwisho zinazoendana na mwaka. Elimu hiyo ni ya kweli na ina utamu wake. Lakini namba iliyolingana haisemi kitu juu ya mahali risasi itakapotua, na mzee alizisoma namba hizo kwa heshima kisha akaziacha.

Akatoa geji ya kwanza. Ni fimbo fupi ya chuma iliyochongwa ikinenepa polepole, yenye mistari kumi na moja, kuanzia sifuri hadi kumi, na kila mstari ni sehemu moja ya elfu ya inchi. Aliufuta mdomo wa mtutu kwa kitambaa, akaifuta na geji yenyewe, akaiteremsha bila kuisukuma. Uzito wake uliishusha. Akasoma mstari uliolingana na ukingo: moja na nusu. Akaitoa, akaizungusha robo, akaiteremsha tena. Moja na nusu. Nilimuuliza kwa nini mara mbili, akasema mdomo hauliwi sawasawa pande zote.

Sababu ya kuliwa huko ni jambo ambalo lingemuumiza Garand. Kiwiliwili cha bunduki hii kimezibwa kwa nyuma, kwa hiyo fimbo ya kusafishia haiwezi kupita kutoka kwenye chemba. Sharti iingie mdomoni. Askari aliambiwa asafishe, naye akasafisha, jioni baada ya jioni, fimbo ikisugua ukingo ule ule. Na alikuwa na haki ya kuogopa uchafu. Fataki za risasi za wakati huo ziliacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi ikikutana na unyevu huzaa kutu. Kwa hiyo ipo mitutu iliyochakazwa na vita, na ipo iliyochakazwa na utii.

Geji ya pili ni ndefu, huingizwa kwa nyuma, kupitia chemba, hadi pale mifereji ya ndani ya mtutu inapoanzia. Sehemu hiyo huliwa na moto. Kila mlio wa bunduki hupitisha hapo hewa kali kabla risasi haijaishika mifereji vizuri, na chuma huondoka kidogo kidogo. Usomaji ulikuwa mbili na nusu. Kikaratasi cha duka kilisema tatu. Mzee hakulalamika; alisema aliyeandika tatu huenda alikuwa na mkono mzito au geji ya baridi, na tofauti ya nusu haimtii mtu hasara.

Mwisho akaukagua mtutu kwa jicho tupu. Alikunja kipande cha karatasi nyeupe, akakiweka kwenye bolti iliyo wazi, akakimulika, akachungulia kwa mdomoni. Alikuwa anatafuta mifereji yenye kingo kali, na vishimo vyeusi vya kutu. Aliviona viwili, karibu na tundu la hewa. Akanipa nami nichungulie. Niliona mduara unaong'aa na mistari inayojipinda kuelekea mbali; vishimo sikuviona mpaka aliponielekeza nisogeze jicho kushoto.

Bunduki tatu zilivuka hatua hiyo, akazilaza juu ya meza yenye zulia.

Kuifungua Garand hakuhitaji bisibisi. Aliushika ukingo wa nyuma wa chuma kinachozunguka triga, akauvuta chini, na mkusanyiko mzima wa triga ukatoka mkononi mwake. Akainua kitako, kikaachana na chuma. Sasa mezani palikuwa na vitu vitatu: mbao, triga, na mtutu pamoja na kiwiliwili chake. Kabla ya kuendelea alirudia hatua hiyo ya kwanza mara kadhaa bila haraka: kufunga, kufungua, kufunga. Nilidhani anafanya mazoezi. Kumbe alikuwa anasikiliza. Chuma cha triga kinapofungwa sharti kibishane na mkono katika sehemu ya mwisho ya safari yake, kwa kuwa hicho ndicho kinachoibana mbao dhidi ya kiwiliwili. Kikifunga kwa ulaini, mbao imesinyaa au imeliwa, na chuma kitacheza ndani yake kila bunduki inapolia. Ya kwanza ilifunga kwa ulaini. Akaisogeza pembeni, ingawa mtutu wake ndio uliokuwa bora kuliko yote.

Mbao yenyewe ni walnati ya Marekani, iliyonyweshwa mafuta ya mbegu za kitani. Mzee aliikagua nyuma ya sehemu ya kushika, mahali inapopasukia, na kwenye mabega mawili ya ndani yanayokaliwa na kiwiliwili. Aliyabonyeza kwa ukucha. Mbao iliyolowa mafuta ya bunduki miaka mingi hugeuka nyeusi na kulegea, na ukucha huingia. Kwenye ubavu wa kushoto wa moja palikuwa na mhuri: herufi SA ndani ya kisanduku, na chini yake herufi za jina la mkuu wa karakana wa wakati ule. Mihuri ya aina hii huongeza bei, kwa hiyo hughushiwa. Mzee aliuegemezea tochi ubavuni ili mwanga uulalie, akatazama kama nyuzi za mti zimebonyea pamoja na herufi au zimekatwa. Mhuri wa zamani umebonyea na kuchakaa sawa na mbao iliyouzunguka. Mhuri mkali juu ya mbao iliyopigwa msasa ni wa juzi.

Kisha ikafuata kazi niliyoifurahia kuliko zote. Alitoa springi, akakitoa chuma kinachopandisha risasi, akaichomoa fimbo ya pistoni, akaiinua mbele ya dirisha. Fimbo hiyo imepinda. Inaanzia chini ya mtutu, inapanda ubavuni, na kumalizikia upande wa kulia wa kiwiliwili inakoishika bolti. Asiyeijua huona kasoro, na wapo walioinyoosha kwa nyundo wakaiharibu. Mzee alipitisha kidole gumba polepole kwenye kona ambako fimbo nyembamba inakutana na mpini wake. Za mwanzo zilikuwa na kona ya mraba hapo, na chuma kikapata nyufa. Baadaye fimbo zikakatwa tundu la nusu duara ili mkazo usambae. Hii ilikuwa imekatwa. Akapima ncha ya pistoni kwa maikromita, sehemu tatu tofauti. Inchi 0.526 ndiyo inayotakiwa. Ikishuka chini ya 0.525 hewa hupenya pembeni na bunduki huanza kusitasita. Alipata 0.5255, akaitikia kwa kichwa.

Akairudisha fimbo mahali pake bila springi, bila bolti. Akaishika bunduki kwa mikono miwili, akainua mdomo kidogo. Fimbo ikateleza nyuma yenyewe. Akainamisha mdomo, ikateleza mbele. Akarudia kwa utulivu, safari hii akiugeuza ubavu kidogo kulia, kidogo kushoto, masikio yakiwa kazini zaidi ya macho. Fimbo inayogusa mbao au mtutu mahali isipopaswa hukwaruza, na mkwaruzo huo, hata uwe mdogo vipi, hubadilisha mahali risasi inapotua. Akaweka bolti, akarudia. Bunduki ya pili ilikwama kidogo katikati ya safari. Angeweza kuirekebisha nyumbani, alisema, lakini ya tatu haikuwa na haja hiyo.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa mbaya kwa sura. Mbao yake ilikuwa na doa jeusi chini ya kilengeo na pengo dogo kwenye kitako, utando wa fosfati unaofunika chuma umefutika pale viganja vinaposhika, na kiwiliwili ni cha Harrington & Richardson, kiwanda ambacho watu wa hadithi za Normandia hawakitafuti, kwa kuwa bunduki zake ni za miaka ya 1950. Mzee aliichunguza kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani anayeacha rangi ya ngozi na kufungua midomo kutazama meno.

Bado alikuwa na mambo mawili. Aliivua bolti vyuma vyake vidogo vya kunasa na kutupia ganda, akaingiza chembani geji ya chuma yenye umbo la risasi, akaisukuma bolti kwa ncha ya kidole kimoja. Kwa geji ya inchi 1.940 sharti bolti ifunge. Ilifunga. Akabadilisha, akaweka ya 1.946, ambayo sharti bolti ikatae. Ilisimama kabla ya mwisho. Hakuongeza nguvu, kwa sababu chuma kikisukumwa hukubali chochote. Kipimo hicho ndicho kinachosema kama ganda litashikiliwa vizuri baruti inapowaka, na usalama wa uso wa mlengaji umo ndani ya hizo sehemu sita za elfu.

La mwisho lilikuwa kilengeo cha nyuma. Alikipandisha, kitufe kikilia mlio baada ya mlio, kisha akakikandamiza kwa gumba kwa nguvu zake zote. Kilichochakaa hushuka. Hicho kilibaki palepale.

Aliiunganisha bunduki kwa mpangilio wa kinyume, akaijaribu triga. Ina hatua mbili: mwendo mlaini, kisha ukuta, kisha kuachia. Sheria ya mashindano inataka triga ya Garand ibebe uzito wa ratili nne na nusu bila kuachia, yaani kilo mbili na kidogo, na wasimamizi huining'inizia uzani mbele ya mwenye nayo. Mzee hakuwa na uzani. Aliivuta taratibu mara kadhaa akiwa amefumba macho, akasema inatosha.

Nilimuuliza kama ataipiga msasa ile mbao. Akanitazama kama niliyependekeza kumnyoa nyusi.

"Nitaipangusa kwa mafuta ya kitani," alisema. "Kidogo, kwa kiganja, siku moja moja. Aliyeichonga alikwisha maliza."

Kwenye kaunta, fomu zikisubiri majibu ya uchunguzi, alinunua klipu kadhaa, zile bamba za chuma zinazobana risasi nane na kutupwa nje kwa mlio baada ya risasi ya mwisho, springi mpya kwa kuwa ya zamani ilikuwa imefupika, na grisi. Springi ni ya bei ndogo, na iliyochoka huichosha bunduki nzima. Grisi ni kwa kila kinachoteleza: mabega ya bolti, njia ya fimbo, mahali nyundo inapokutana na bolti. Mafuta mepesi hukimbia mahali penye joto na msuguano, grisi hubaki. Risasi hakununua za kuwindia zinazouzwa madukani, hata kama ukubwa ni ule ule. Nyingi zina baruti inayowaka polepole, na presha yake ikifika kwenye tundu la hewa bado ni kubwa kuliko Garand alivyokadiria. Fimbo ile iliyopindwa kwa hesabu hupindwa mara ya pili bila hesabu. Alichukua risasi zilizotengenezwa kwa kiasi cha jeshi, kichwa cha uzito wa gramu tisa na robo tatu, akahesabu masanduku, akaandika namba ya kila moja kwenye daftari lake kabla ya kulipa.